Tajiri Aliyesahau Kufunga Ghala

Kosa ni langu, na afadhali nilikiri mwenyewe kabla majirani hawajanisemea. Mimi ndiye niliyeandika kwenye mtandao, siku moja nikingoja supu yangu ya tambi ipoe, kwamba filamu ya Tajiri Phun ndiyo ya kuchekesha kuliko zote zilizowahi kutengenezwa nchini mwetu, na kwamba nakala yake pekee iko hapa kijijini Nong Hoi, chini ya kitanda cha Mjomba Thongbai. Hilo la kitanda lilikuwa kweli. Lile la kwanza niliandika kwa tumbo tupu. Baada ya wiki mbili maneno yangu yalikuwa yamesambazwa na watu elfu arobaini, na simu ya Thongbai, ambayo kwa kawaida hulia Jumapili tu binti yake akipiga kutoka Rayong, ikaanza kulia kama mtoto aliyeachishwa ziwa.

Mmoja wa waliopiga alikuwa Dada Rawiwan, wa hifadhi ya filamu za zamani huko Bangkok. Thongbai aliipokea simu akiwa amechuchumaa uani, anachambua mnanaa wa mchana.

"Mjomba, makopo ya filamu ukiyafungua yananuka nini?"

Thongbai alidhani ni mzaha. "Siki. Kama achari ya vitunguu saumu."

"Basi filamu inajila yenyewe. Ikishaanza kunuka hivyo imebakiza mwaka, labda miwili, halafu inajikunja kama gamba la nyoka na ndiyo imekwenda."

"Sasa tufanyeje?"

"Tunaweza kuiokoa. Ila mwaka huu tuna nafasi ya filamu moja tu, na mezani kwangu ziko kumi na moja. Nitakuja niione kwa macho yangu. Ikistahili hizo sifa, naondoka nayo. Isipostahili, mjomba, utanisamehe."

"Njoo, dada!" akasema Thongbai kwa ile sauti yake ya maiki. "Na uje na taulo. Leso haitatosha kufutia machozi ya kucheka."

Akakata simu, akakaa chini kitako, juu ya mnanaa.

"Umemwambia nini?" akauliza mkewe Kesorn kutoka jikoni.

"Nimemwambia aje."

"Na habari ya kuku umemwambia?"

"Kuku sikuwataja."

"Haya. Siku ya kunyongwa kwako, mimi nitakuwa sokoni."

Habari ya kuku ni hii. Thongbai alipokuwa na miaka ishirini na mbili alizunguka vijijini na gari la dawa. Enzi hizo filamu nyingi zilikuja bubu, na sauti ilikuwa kazi ya mtu aliyekaa pembeni na maiki. Thongbai alikuwa bwana, alikuwa bibi, alikuwa nyati, alikuwa mvua inayopiga bati, wote kwa koo moja. Hadithi ikifika patamu, mwenye gari alizima mashine na kuuza dawa ya minyoo, na mwisho haukuonekana mpaka chupa thelathini ziwe zimenunuliwa.

Kesorn alikuwa mpwa wa mwenye gari, na ndiye aliyeendesha mashine. Filamu ya Tajiri Phun ilikuwa mikanda minne katika makopo manne, na siku moja, gundi ikiwa imekwisha, Kesorn alibandika karatasi za namba kwa wali wa kunata, akaanika makopo juani. Kuku wa kijiji walichokuwa wameegesha hawakuamini bahati yao. Walidonoa wali, wakadonoa na karatasi, na walianza na namba mbili na namba tatu.

Jioni hiyo mkanda wa kwanza ulikwenda salama. Phun ni tajiri bahili mwenye kinu cha kukobolea mpunga. Ana binti, Malai. Na kijana Khlai, ambaye mali yake yote ni suruali, anampenda. Mkanda wa pili unataka Phun amfukuze Khlai kwa mchi. Thongbai akavuta pumzi, tayari kufoka. Kwenye pazia likatokea jeneza.

Bila namba, Kesorn alikuwa ameweka mkanda wa tatu; kuku walikuwa wamemuua Phun kabla ya wakati wake. Thongbai hakuwa na la kufanya. Akamlilia, akamzika, akala na wafiwa. Ulipoisha huo wa tatu, ukaingia wa pili, na huyo Phun akatoka mlangoni mzima kama kigingi, mchi mkononi.

Watu mia tatu walinyamaza. Thongbai akafungua mdomo, na mpaka leo hajui maneno yale yalitoka wapi:

"Nimerudi! Nimesahau kufunga ghala!"

Inasemekana kicheko kilisikika mpaka ng'ambo ya mto. Na haikuishia hapo, maana kwenye picha hakuna aliyemwogopa Phun; wanampakulia, wanamkuna mgongo. Ikabidi Thongbai awafanye wote waungwana wanaoona haya kumwambia ukweli.

"Nani atamwambia kwamba amekufa?"

"Mwambie wewe, uliyekula vipande sita vya nyama ya matanga yake!"

Thongbai alikwenda nyuma ya mashine kumgombeza Kesorn, akarudi na mchumba. Wiki iliyofuata vijiji vikaanza kutuma ujumbe: tunataka ile ya tajiri anayerudi, ile nyingine hatuitaki. Miaka kumi na moja aliionyesha hivyo hivyo, mpaka gari la dawa likafa na mwenyewe akamwachia makopo. Kwetu mtu akigeuza njia kurudi kuchukua ufunguo aliousahau, anaulizwa tu, "Ghala?" Hata mtawa mkuu wa hekalu letu aliwahi kurudi mimbarini kuchukua miwani yake, na waumini wote wakaangalia sakafu kwa nguvu.

Ndiyo maana Thongbai alikaa juu ya mnanaa. Filamu inayosifiwa ni ipi? Iliyomo makoponi, au ile waliyoitengeneza kuku?

Kesho yake asubuhi alikwenda kwenye kibanda cha Babu, mzimu mlinzi wa kijiji, pale mashamba ya mpunga yanapoanzia. Akawasha ubani, akapiga magoti.

"Babu, yule dada akikubali kuiokoa, nitakuonyesha yote kabla haijaondoka. Wewe peke yako. Viti vyote vyako."

Kesorn, aliyesimama nyuma na baiskeli, akaguna. "Wenzako wanamwahidi kichwa cha nguruwe. Wewe unamwahidi sinema ya kuku."

Rawiwan alifika Jumamosi na gari dogo jeupe lenye sanduku la baridi nyuma. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini hivi, miwani mikubwa, daftari dogo, na adabu ile ya madaktari kabla hawajakuambia ugonjwa. Akavaa glavu, akafungua kopo la kwanza, la pili, la tatu, akikunja pua kwa siki. Kwenye la nne akatoa kelele. Chini ya mkanda kulikuwa na karatasi zilizokunjwa, zimepigwa chapa, zimekuwa rangi ya chai.

"Mjomba! Haya ndiyo maneno yenyewe! Maneno aliyoyaandika mwenye filamu kwa ajili ya msema sauti! Hujawahi kuyaona?"

Thongbai aliyaona wiki ya kwanza. Aliyaweka huko ili yasimsumbue. "Kumbe!" akasema.

"Basi leo tutaiona kama ilivyokusudiwa," akasema Rawiwan, macho yanang'aa. "Moja, mbili, tatu, nne. Na wewe utasoma haya, neno kwa neno."

"Neno kwa neno?"

"Nitajuaje kama inastahili sifa, nisipoiona yenyewe?"

Haki ilikuwa yake. Thongbai akatikisa kichwa kukubali, akamtazama mkewe. Kesorn alikuwa anafuta lenzi kwa pindo la blauzi, kimya, na Kesorn akinyamaza ni kama mbwa akinyamaza. Mtu mwenye akili hufunga mlango.

Giza lilipoanza kushika, uwanja wa hekalu ulikuwa umefurika. Walikuja kutoka vijiji saba, kwa malori ya miwa, kwa pikipiki watu watatu watatu, na mikeka, na vikapu vya wali wa kunata, na bibi vizee wamebebwa pamoja na viti vyao. Muuza ngisi wa kuchoma alikuwa ameleta makaa ya siku mbili. Kulikuwa na wanaume wazima waliokuja wamevaa sanda nyeupe, mchi begani, kama Phun. Mwanamke mmoja alikuwa na fulana iliyoandikwa NIMERUDI mbele, na nyuma UKIJUA NIMESAHAU NINI, SEMA. Watu walikuwa wakicheka kabla hata pazia halijafungwa vizuri, kicheko kile cha kutekenywa na kitu kinachokuja.

Mashine ikaanza kukereza. Thongbai akaketi mezani pake, taa ndogo, maiki, karatasi. Rawiwan alikuwa hatua tatu tu kutoka kwake, daftari gotini, tochi mdomoni.

Khlai akatokea, akamwona Malai kisimani. Thongbai akasoma: "Ewe Malai, uzuri wako ni mwezi uliooshwa na umande, nami ni panzi juu ya jani la huzuni."

Uwanja ukasubiri.

Akasoma: "Ewe Khlai, panzi naye ana haki ya kuutazama mwezi."

"Thongbai!" akaita mzee mmoja kutoka gizani. "Umekula nini leo?"

"Huyo ana homa," mwingine akajibu.

"Mpeni dawa ya minyoo!"

Hapo watu walicheka, na kilikuwa ndicho kicheko kikubwa cha mkanda mzima wa kwanza. Thongbai akaendelea kusoma, jasho likimteremka mgongoni. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake alikuwa anaitazama ile filamu badala ya kuikimbiza. Haikuwa mbaya. Yule mwigizaji wa Phun alikuwa na macho ya ajabu, macho ya mtu anayehesabu punje za mpunga hata akisali. Mbona hajawahi kuyaona? Lakini maneno yalikuwa uji bila sukari, na kila ulipokuja mzaha ulibisha hodi kwanza, ukafuta miguu, ukaomba radhi. Akamtupia jicho Rawiwan. Rawiwan alikuwa anaandika. Hakuwa anacheka. Aliandika mstari mmoja, akaupigia mstari chini.

Imekufa, akawaza Thongbai. Nimeiua kwa kusoma vizuri.

Mkanda ukaisha. Kesorn akabadilisha. Thongbai akageuza ukurasa, akaweka kidole kwenye neno la Phun la kwanza, "Ondoka kwangu, maskini wee!", akainua macho.

Jeneza.

Akageuka nyuma. Kesorn alikuwa anatafuna karanga za kuchemsha, anatazama juu kama mtu aliyetumwa kuhesabu nyota. Uwanjani sauti ikaanza kupanda, shwaaa, kama mvua inayokuja kwa juu ya mpunga. Walikuwa wameliona jeneza. Walijua. Watu wakaanza kupiga magoti kwenye mikeka yao, wakiwaamsha wazee.

Thongbai akazitazama karatasi. Akazikunja mara mbili, akazikalia.

"Jamani," akasema kwenye maiki, kwa sauti ya mjane mwenye mafua, "nani aliyemvalisha marehemu soksi zangu?"

Uwanja ukalipuka. Kuanzia hapo hakuna aliyemshika tena. Alimlilia Phun kwa sauti ya wapwa wanaokadiria ukubwa wa shamba. Alimpa sauti inzi aliyetua puani kwa mtawa, na inzi huyo alikuwa na maoni juu ya chakula. Nyati akapita nyuma ya jeneza bila kukusudia, na Thongbai akamfanya mdai wa marehemu. Kesorn alizima mashine palepale alipokuwa akizima zamani, na watu mia sita wakapiga kelele, "Dawa! Dawa!" mpaka Thongbai akainuka na chupa ya maji akaiuzia hewa.

Kisha mkanda ule mwingine ukaingia. Mlango wa nyumba ya Phun. Thongbai akaisogeza maiki mbali na mdomo wake, akaigeuzia watu.

Mlango ukafunguka.

"NIMERUDI!" ukanguruma uwanja wote, vizee, watoto, mtawa mkuu mkono mdomoni. "NIMESAHAU KUFUNGA GHALA!"

Popo walitoka kwenye paa la hekalu. Ngisi wakaungua, hakuna aliyejali. Thongbai akasikia kitu kikianguka karibu naye, ilikuwa tochi, na Rawiwan wa hifadhi ya filamu alikuwa amejikunja juu ya daftari lake, anapiga ardhi kwa kiganja, anasema, "Basi, mjomba, basi, mbavu!" na Thongbai hakumhurumia hata kidogo. Alimsukumia wale waungwana wa mezani, mmoja baada ya mwingine: tajiri, mbona unanuka ubani? Tajiri, kula taratibu, huna haraka tena. Nani atamwambia?

Mkanda wa nne ni harusi ya Malai na Khlai. Phun hayupo, imetundikwa picha yake ukutani. Hapo Thongbai hushusha sauti, huwa hivyo tangu zamani, na watu wanajua wanyamaze.

"Nimelifunga, mwanangu," akasema Phun kutoka ukutani. "Sasa kuleni."

Mwanamke wa fulana akajifuta macho kwa pindo lake. Kisha makofi, na miluzi, na wanaume wa sanda wakarusha michi yao juu, mmoja ukamwangukia mwenyewe, na hilo nalo likapigiwa makofi.

Watu walipopungua, Rawiwan alikuja mezani, kope zimevimba.

"Mmenichezea, nyinyi wawili."

"Kuku, dada," akasema Kesorn, akamsimulia yote bila kupepesa.

Rawiwan alisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani, akaifuta. "Mjomba, nikuambie kweli. Filamu yenyewe ni ya kawaida. Wastani. Nilikwishaandika hapana."

Thongbai akaona meza inaondoka kidogo mbele yake.

"Kisha nikafuta. Sifa hizi hazikuipasa, ni kweli. Lakini katika zile kumi na moja, hakuna hata moja ambayo watu wameikalia wakaifanya yao namna hii. Naichukua. Kesho saa sita mchana, iingie kwenye baridi."

Kesorn akapiga kelele, akamkumbatia Rawiwan, akamkumbatia muuza ngisi. Thongbai alicheka, akalia, akacheka, akaomba maji.

"Ila nitaihifadhi kama ilivyotengenezwa," Rawiwan akaongeza polepole. "Mbili kabla ya tatu. Siwezi vinginevyo, ndiyo kazi yangu."

"Kwa hiyo akifa, harudi?"

"Harudi."

"Basi ghala litabaki wazi," akasema Kesorn.

"Ndiyo maana nataka na sauti yako, mjomba. Uje Bangkok tukurekodi, tuiweke pembeni ya filamu. Tuna chumba kizuri, hata mbu husikii."

"Na watu?"

"Hakuna watu. Chumba hicho watu wanaharibu sauti."

Thongbai akasema sawa. Lakini njia nzima ya kwenda nyumbani alikuwa anakitazama chumba hicho kichwani: ukuta, maiki, na kimya cha watu wasiokuwepo. Miaka yote ile hakuwahi kusema hata neno moja la Phun bila mtu wa kulipokea. Je, hao waliocheka walikuwa wakicheka filamu, au wakimcheka yeye, au kila mtu alikuwa akimcheka jirani yake?

Ahadi kwa Babu haingoji. Saa tatu asubuhi, jua limeshachachamaa, walifunga pazia mbele ya kibanda, wakapanga viti ishirini vya plastiki, vyekundu, na juu ya kiti cha mbele Kesorn akaweka soda ya rangi na mrija, na ngisi mmoja ambaye hakuungua sana. Majirani walipita mbali. Viti vya Babu havikaliwi. Rawiwan alingoja garini barabarani, mgongo umegeuzwa, kwa heshima.

Mashine ikakereza. Kwenye pazia hakukuonekana kitu. Jua lilikuwa limekula picha yote. Palikuwa na weupe tu unaotetemeka, na mara moja moja kivuli kama cha mtu aliyepita akakumbuka jambo.

"Nimeweka wa tatu mbele," Kesorn akanong'ona. "Au umpe ule wa kweli?"

"Acha hivyo hivyo."

Thongbai akashika maiki. Akamlilia Phun. Akampa inzi maoni yake. Upepo ukapita kwenye mpunga, viti vikakaa kimya, soda ikatoa povu. Alisema vizuri, alijua anasema vizuri, na kila neno lilitoka, likaenda, halikurudi. Mkanda ukabadilishwa. Mahali fulani ndani ya weupe ule mlango ulifunguka. Hakuuona, aliuhesabu kwa pumzi kama alivyozoea.

"Nimerudi," akasema Thongbai. "Nimesahau kufunga ghala."

Mashine ikaendelea kukereza. Akangoja. Akateremsha maiki, akaviangalia vile viti ishirini vyekundu, kimoja kimoja, mpaka kile cha mbele.

"Babu," akasema taratibu, bila maiki, "nisaidie jambo moja tu. Kama inachekesha yenyewe, cheka. Hata kidogo."